Someni na mwisho wa barua

(Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya watu, wengi wakaniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimenyoosha sehemu chache tu.)

Wazee wangu shikamooni, ndugu zangu habari zenu, vijana mambo vipi.

Nimeombwa niongelee barua. Sio barua za ofisini wala za kuomba kazi, naongelea barua ya mkono, ile ya mtu kukaa chini na kalamu akamwandikia mtu mmoja jambo ambalo mbele za watu asingelisema, au angelisema kwa namna nyingine kabisa. Na zaidi barua za watu wakubwa, wale ambao dunia nzima inataka kujua waliamini nini kuhusu Mungu. Kuna moja imenikaa kichwani muda mrefu na sababu yenyewe ni ya nyumbani, kwa hiyo nianzie nyumbani.

Shangazi yangu alifariki. Ameacha watoto wawili wa kiume, mkubwa ni mtu wa ibada kabisa, mdogo aliachana na mambo ya dini siku nyingi na hajawahi kuficha. Siku ya tatu baada ya mazishi yule mkubwa akaandika kwenye group ya familia kwamba mama yuko mahali pema na sote tutaonana nae. Maneno ya kawaida ya msiba, kila mtu akaitikia. Yule mdogo akajibu kwa skrinshoti, picha ya Einstein, yule mwanafizikia maarufu, na nywele zake zile, chini yake maandishi: neno Mungu ni zao la udhaifu wa binadamu. Hakuongeza hata neno moja la kwake. Basi mkubwa nae akaenda kutafuta ya kwake, Einstein yuleyule, nywele zilezile, maandishi: Mungu hachezi kete. Wakaendelea hivyo mpaka usiku wa manane, Einstein kwa Einstein, na mama yao ana siku tatu tu kaburini. Watu wazima tulikuwa humo ndani tunasoma tu, hakuna aliyejua aseme nini. Baada ya pale mwaka mzima hawakusemeshana.

Mimi ndipo nikasema ngoja niitafute hiyo barua yenyewe, nisome alichoandika mwanzo mpaka mwisho. Na ndugu zangu, nilichokikuta sio nilichokitegemea.

Barua iliandikwa Princeton, Marekani, tarehe 3 Januari 1954. Einstein ana miaka 74, amebakiza miezi kumi na tano ya kuishi, yeye hajui na sisi tunajua. Imeandikwa kwa Kijerumani, kwa mkono wake, ukurasa mmoja na nusu. Anamwandikia mtu anaitwa Eric Gutkind, mwanafalsafa, Myahudi mwenzake, mzaliwa wa Berlin kama ambavyo Einstein nae aliishi Berlin miaka mingi kabla Hitler hajaingia madarakani, na wote wawili wakaishia ukimbizini Marekani. Gutkind alikuwa ametoa kitabu mwaka 1952 kuhusu Biblia na mwito wa mwanadamu. Rafiki wa Einstein, mwanahisabati wa Kiholanzi anaitwa Brouwer, akawa anamsisitiza Einstein, kisome, kisome bwana. Akakisoma, sehemu kubwa. Alafu akakaa kujibu.

Sasa sikilizeni anavyoanza, manake hapa ndipo skrinshoti zote zinapoparuka. Anaanza kwa kushukuru kupewa kitabu. Anasema kilichomgusa ni kwamba kuhusu namna ya kuyatazama maisha na jamii ya watu, yeye na Gutkind wana mengi yanayofanana. Anamsifu kwa kutaka mtu ajivue tamaa za ubinafsi, kwa kutaka maisha yawe mazuri na yenye heshima. Alafu anatupia kautani, anasema hilo linatuunganisha mimi na wewe, wote tuna mtazamo usio wa Kimarekani. Mwaka 1954 maneno hayo yalikuwa moto, ni wakati wa seneta McCarthy, watu wanaitwa mbele ya kamati kuhojiwa kama wao ni wakomunisti, na kamati moja ya bunge jina lake lenyewe lilikuwa linabeba hayo maneno, shughuli zisizo za Kimarekani. Mwaka mmoja kabla yake Einstein alimwandikia mwalimu mmoja aliyeitwa kuhojiwa akamwambia kataa kujibu, na barua ile ikatoka kwenye gazeti. Kwa hiyo hapa mzee anamkonyeza mwenzake, sisi wakimbizi wawili tumo jahazi moja.

Hivyo ndivyo barua inavyoanza, kwa ukaribu.

Ndipo inakuja ile sehemu maarufu na sitaipunguza ukali, ni kali. Anasema neno Mungu kwangu mimi si kitu zaidi ya zao na kielelezo cha udhaifu wa binadamu, na Biblia ni mkusanyiko wa hekaya za kuheshimika lakini za kikale mno, na hakuna tafsiri, hata iwe ya kina namna gani, itakayobadilisha hilo (kwangu mimi). Anasema dini ya Kiyahudi, kama zilivyo dini nyingine zote, ni ushirikina wa kikale uliovaa mwili. Mtu wa dini akisoma hapo lazima imchome, mimi mwenyewe ni mtu wa dini na ilinichoma, sitawadanganya.

Lakini angalieni vitu viwili. Cha kwanza, "kwangu mimi". Kwa Kijerumani für mich. Ameliweka kwenye sentensi ya Mungu, alafu amelirudia kwenye tafsiri, mara ya pili akalitia kwenye mabano. Mtu anayeandika kwa kalamu, wino hauna kufuta, hatii mabano bure. Amesimama katikati ya sentensi akaona anaweza kueleweka kama anatoa hukumu kwa ajili ya watu wote, akarudisha: kwangu mimi. Nendeni mkaangalie picha zinazozunguka mitandaoni, nyingi hayo maneno mawili hayapo, yamekatwa, na sentensi ikikatwa hapo inageuka, iliyokuwa kauli ya mtu inakuwa tangazo. Cha pili ni tafsiri. Barua ilipojulikana sana mwaka 2008, tafsiri ya Kiingereza iliyosambaa magazetini ilisema hekaya hizo ni za kitoto. Neno alilotumia yeye ni primitiver, kikale, kishenzi ukipenda kuliweka kwa ukali. Sio dogo hilo. Kumwambia mtu imani yako ni ya kale ni jambo moja, kumwambia ni ya kitoto ni tusi la aina nyingine. (Kitoto alilisema kwingine, miaka ya nyuma, kuhusu Mungu anayefanana na mtu, kwa hiyo sisemi hakuwahi. Nasema kwenye barua hii sio neno lake.)

Kuna kipande kingine na hiki nakigusa kwa uangalifu kwasababu wapo wanaokitumia kwa chuki. Gutkind aliandika kwamba Wayahudi ni taifa teule. Einstein anamjibu kwamba watu hawa wa Kiyahudi ambao mimi ni wao kwa furaha, na ambao fikra zao zimenikaa ndani kabisa, hawana kwangu heshima ya aina tofauti na mataifa mengine, wala sioni uteule wowote ndani yao, kwa uzoefu wangu sio bora kuliko makundi mengine ya watu ingawa kukosa kwao madaraka kumewakinga na maovu makubwa zaidi. Wanaowachukia Wayahudi wananyofoa hapo kwenye "sio bora" wanakimbia nalo. Wanaruka "mimi ni wao kwa furaha". Huyu ni mtu ambaye mwishoni mwa 1952, miezi kama kumi na nne tu kabla ya kuandika haya, aliombwa awe rais wa Israeli baada ya Chaim Weizmann kufariki, akakataa kwa unyenyekevu akisema hana kipaji cha kuongoza watu. Mtu anayesema hivi kuhusu watu wake anasema kama mtu wa ndani ya nyumba. Ukiyatoa nje ya nyumba yanabadilika harufu.

Sasa mwisho wa barua. Baada ya ukali wote ule, baada ya kumwambia Gutkind kwamba amejijengea kuta mbili za kiburi, moja kama mwanadamu na nyingine kama Myahudi, anageuka. Anasema: sasa kwakuwa nimeshasema wazi kabisa tunapotofautiana kifikra, bado ni dhahiri kwangu kwamba mimi na wewe tuko karibu sana kwenye mambo ya msingi, yaani namna tunavyoupima mwenendo wa mtu. Kinachotutenganisha ni viegemeo tu vya akili. Na kwa hiyo, anasema, nadhani tungeelewana vizuri sana kama tungeongea kuhusu mambo yenye kushikika. Kwa shukrani za kirafiki na kila la heri, wako, A. Einstein.

Nilisoma hapo mara tatu. Nikawaza yule mdogo, mtoto wa shangazi, alituma katikati ya barua. Mwanzo wake ni urafiki, mwisho wake ni urafiki, yeye akatuma katikati. Na wala simlaumu peke yake kwasababu aliyotumiwa nae ilikuwa katikati tupu, nani alimpa nafasi ya kujua kuna mwisho?

Na kete za yule mkubwa nazo, haki ni haki, nazo zilikatwa. Ile nayo ni barua. Tarehe 4 Desemba 1926, Einstein anamwandikia rafiki yake Max Born, mwanafizikia. Wakati huo ndio nadharia ya kwanta inazaliwa, nadharia inayosema ukishuka mpaka kwenye vitu vidogo kabisa, chembe ndani ya atomu, huwezi kusema kwa hakika kitatokea nini, unaweza tu kusema uwezekano wake ni kiasi gani. Born ndiye aliyeiweka hiyo tafsiri ya uwezekano mezani, na baadae akapata Nobel kwayo, mwaka 1954 huohuo. Einstein hakuipenda. Akamwandikia kwamba nadharia inatoa mengi lakini haitusogezi karibu na siri ya yule Mzee, na mimi walau nimesadiki kwamba Yeye hachezi kete. Mzee, der Alte, ndivyo alivyomwita. Ni lugha ya mapenzi kabisa, lakini anachobishania pale ni fizikia, kwamba maumbile yana sheria na hayaendi kwa bahati. Hakuwa anasema Mungu anasikia dua. Ukiichukua ukamthibitishia mtu kwamba Einstein alikuwa anasali, umemdanganya, hata kama nia yako ni njema, na mimi nawaambia watu wa dini wenzangu kwamba dini yetu haihitaji msaada wa namna hiyo.

Aliamini nini basi? Aliulizwa moja kwa moja. Mwaka 1929 kardinali wa Boston alikuwa ameisema nadharia yake kwamba nyuma yake kuna ukanaji Mungu umejificha, ndipo rabi mmoja wa New York, Herbert Goldstein, akampigia telegramu: unaamini Mungu? Jibu limelipiwa, maneno 50. Einstein akajibu kwa Kijerumani, nimeyahesabu, hata 30 hayakufika. Akasema naamini Mungu wa Spinoza, anayejidhihirisha katika mpangilio wenye sheria wa vyote vilivyopo, siamini Mungu anayejishughulisha na hatima na matendo ya wanadamu. Spinoza mwenyewe, mwanafalsafa wa zamani, alikuwa kijana wa miaka 23 alipotengwa na jamaa yake ya Kiyahudi kule Amsterdam, 1656, na maneno ya kumlaani yalikuwa mazito mpaka leo ukisoma unatetemeka. Einstein alijua anajiweka kwenye ukoo gani.

Na mwaka 1936 mtoto wa darasa la sita, wa shule ya Jumapili ya kanisa moja New York, alimwandikia kumuuliza kama wanasayansi huwa wanasali na huwa wanaomba nini. Akamjibu! Mtu maarufu kuliko wote duniani akakaa akamjibu mtoto, akamwambia mwanasayansi hawezi kirahisi kuamini kwamba matukio yanabadilishwa na maombi, lakini kila anayeifuatilia sayansi kwa dhati anasadiki kwamba kuna roho inajidhihirisha ndani ya sheria za ulimwengu, iliyo kuu mno kuliko roho ya mtu, na mbele yake sisi na nguvu zetu ndogo lazima tujishushe. Linganisheni hiyo na barua ya Gutkind. Ni mtu yuleyule, na ukitazama vizuri ni imani ileile, hakusema uongo kwa yeyote kati yao. Ila kwa mtoto alitafuta maneno ya kumwachia mtoto nafasi, kwa mwanafalsafa mwenzake aliyeandika kitabu kizima akajibu kama mtu anayejibu kitabu. Barua ina sura ya anayeandikiwa kama ilivyo na sura ya anayeandika, na sisi tukiisoma miaka mingi baadae bila kumuona yule aliyeandikiwa tunasoma nusu.

Niongeze moja tu kuhusu yeye. Alipokuwa mdogo, Munich, alipita kipindi cha dini kali mno, wazazi wake hawakuwa watu wa kushika dini lakini yeye mtoto akagoma kula nguruwe, akawa anatunga vinyimbo vya kumsifu Mungu anajiimbia. Alafu akiwa na miaka 12, baada ya vitabu vya sayansi, ikaisha ghafla. Aliandika mwenyewe uzeeni kuhusu hilo na aliita paradiso aliyoipoteza. Mtu anayeiita dini ya utotoni paradiso sio mtu aliyekuwa anaidharau, na ndio maana mwaka 1949 alipobanwa tena alisema mnaweza kuniita asiyejua kama Mungu yupo au hayupo, lakini simo kwenye vita vya wale waliofanya kumkana Mungu kuwa kazi yao.

Sasa niruke kidogo niende kwa mtu wa upande mwingine kabisa, manake nisije nikaonekana nimekuja kumtetea Einstein tu.

Agosti 7, 1982, Jumamosi, Ikulu ya Marekani. Rais Ronald Reagan anachukua kalamu anamwandikia baba mkwe wake. Kurasa nne, karatasi za Ikulu. Baba mkwe anaitwa Loyal Davis, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, jina kubwa Chicago, na hakuwa na imani, alikuwa mtu wa ushahidi na kisu. Anakufa, wote wanajua. Karatasi hizo zilikaa ndani ya boksi la vitu vya Nancy, mke wa Reagan, kwenye maktaba ya Reagan huko Simi Valley, California, mpaka mwandishi wa habari Karen Tumulty alipozikuta alipokuwa anatafiti maisha ya Nancy, akaziandika kwenye Washington Post Septemba 2018. Miaka 36.

Reagan anaanza kwa kuomba msamaha. Natumaini utanisamehe kwa hili, anasema, lakini nimekuwa nataka kukuandikia tangu tulipoongea kwa simu. Rais wa Marekani anamuomba mkwe wake radhi kwamba anataka kumwambia habari za Mungu! Alafu anamsimulia stori. Kwamba alipokuwa gavana wa California alipata vidonda vya tumbo, akawa anaficha watu wasijue. Asubuhi moja akaenda bafuni akanyoosha mkono kuchukua chupa ya dawa kama kila siku, na hapohapo akajua haihitaji tena. Akafika ofisini, barua ya kwanza aliyofungua ni ya mama asiyemjua, anamwambia sisi kundi letu tunakutana kila siku kukuombea. Ya pili ya mwanaume wa upande mwingine wa jimbo, nae kundi lao linamuombea kila wiki. Ndani ya saa hiyohiyo kijana wa kitengo cha sheria akaingia kwa shughuli ya kawaida, wakati anatoka akasimama mlangoni akasema gavana, labda ungependa kujua, baadhi yetu tunakuja mapema asubuhi kukuombea. Baada ya wiki chache daktari akampima akasema hakuna kidonda, wala hakuna dalili kilikuwepo.

Tumuelewe anamwambia nani hii stori. Daktari! Anamwambia daktari wa upasuaji stori ya vipimo. Hakumtupia mistari mitupu, alichagua kitu ambacho daktari anaweza kukipima kwa macho yake. Alafu ndipo akaingia kwenye Yesu, akasema ama alikuwa yule aliyesema yeye ndiye, ama alikuwa laghai na tapeli mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi, na je tapeli angekubali kufa kifo kile? Akamalizia kwamba kinachotakiwa ni kuamini na kumwambia Mungu umejiweka mikononi mwake. Sahihi: Love, Ronnie. Sio rais, ni Ronnie. Loyal alifariki Agosti 19, siku kumi na mbili baadae.

Wapo wasioipenda siasa ya Reagan, na sikuja hapa kwa ajili ya siasa yake. Nasema hivi, alisemwa sana kwamba dini yake ni ya jukwaani, kanisani alikuwa haonekani mara nyingi akiwa rais, hasa baada ya kupigwa risasi Machi 1981. Barua hii haikuwa ya jukwaani. Haina kura ndani yake. Mzee mmoja anakufa, mkwe wake anamuogopea.

Wekeni hizo mbili pamoja. Asiyeamini anamwandikia anayeamini, anayeamini anamwandikia asiyeamini. Hakuna aliyepaka rangi imani yake ili ipendeze. Na wote wawili wameshika mkono wa mwenzao wakati wanasema, mmoja kwa "tuna mengi yanayofanana" na mwingine kwa "nisamehe".

Kwa haraka tu Darwin nae, yule mwanasayansi wa Uingereza wa nadharia ya mageuzi ya viumbe. Novemba 1880 mwanasheria kijana alimuuliza, niambie ndiyo au hapana, unaamini Agano Jipya, akaahidi hatatangaza kwenye magazeti ya dini. Darwin akajibu kwa sentensi moja tu kwamba anasikitika kumwarifu kuwa haiamini Biblia kama ufunuo wa Mungu na hivyo hamwamini Yesu kama mwana wa Mungu. Na yule kijana akatunza ahadi. Zaidi ya miaka mia watu wakabishana Darwin alikuwa nani na jibu lipo ndani ya bahasha ya mtu aliyesema hatasema. Mke wa Darwin, Emma, alikuwa mcha Mungu, na Darwin miaka yote alichunga asimuumize kwa maneno ya hadharani. Mimi namheshimu sana yule kijana kwa kufunga mdomo.

Barua hizi leo ni mali. Ya Darwin ilipigwa mnada New York 2015 kwa dola 197,000. Ya Einstein 2008 London ilikwenda pauni 170,000, na Richard Dawkins, mkana Mungu maarufu, alikuwa mmoja wa waliojaribu wakaikosa. Desemba 4, 2018, kwenye nyumba ya mnada ya Christie's New York, ikauzwa tena, dola 2,892,500, karibu mara mbili ya bei ya juu waliyoikadiria. Milioni karibu tatu kwa ukurasa na nusu. Na ninavyoona mimi hakuna anayelipa pesa hiyo kwa ajili ya mwanzo na mwisho, wanalipia sentensi ya katikati. Inaniuma kidogo hilo, nasema ukweli.

Kuna barua ya mwisho nataka niitaje. Machi 1955 rafiki wa Einstein wa tangu ujana, Michele Besso, alifariki. Einstein akaiandikia familia yake tarehe 21. Huyu ndiye mtu ambaye mwaka mmoja nyuma amesema neno Mungu ni udhaifu wa binadamu. Sasa ana wafiwa mbele yake, atawaambia nini? Akasema ameniaga kutoka dunia hii ya ajabu, ametangulia kidogo tu. Hilo halina maana yoyote. Kwa sisi wanafizikia tunaoamini, tofauti ya jana na leo na kesho ni kiini macho tu, ingawa ni kiini macho king'ang'anizi. Tunaoamini, ndivyo alivyoandika. Hakuwaahidi mbingu maana hakuiamini, lakini hakuwaacha mikono mitupu. Aliingia kwenye ghala lake mwenyewe, fizikia, akatoa kilichokuwemo akawapa. Wiki nne kamili baadae, Aprili 18, nae akafa.

Sasa nirudi nyumbani. Ile ya Gutkind ndiyo niliyompelekea yule mdogo, mtoto wa shangazi. Sikumtumia kwenye group, nilimpigia simu. Nikamwambia Einstein wako nimemsoma, ngoja nikusomee mwisho wa barua uliyotuma ile siku. Nikamsomea ile ya kwamba tungeelewana vizuri kama tungeongea kuhusu mambo yenye kushikika. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekata. Alafu akauliza, sasa mimi na kaka kuna jambo gani la kushikika? Nikamwambia kaburi la mama yenu halina jiwe mpaka leo, kila mmoja anasubiri mwenzie aanze.

Alimpigia kaka yake wiki ile ile. Sijui waliongea nini na sikuuliza. Jiwe limewekwa, lina jina lake na tarehe mbili. Chini yake wameacha nafasi, mkubwa anataka andiko na mdogo hataki, hawajamaliza, lakini wanabishana kwa sauti, kwenye simu, na juzi walinipigia wote wawili kwa pamoja kuniuliza mimi nasemaje.